Plastiki zenye pembetatu zimekataliwa kwenye mzani: zipi hasa zinarejelezwa hapa Arusha?

Jirani wa Njiro (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huku kwetu Njiro kaya kadhaa tumekubaliana kutenganisha taka. Maganda yanakwenda kwa jirani anayefuga nguruwe, plastiki tunajaza kwenye salfeti, zikijaa tunamwita kijana mwenye mzani aje kununua. Hela yenyewe ni ya sabuni tu. Shabaha ni plastiki isiishie mto Themi wala isiende kujaza dampo la Murriet.

Leo kijana kaja, kamwaga salfeti zote uani na kuanza kuchambua. Kachukua chupa za maji na za soda, madumu ya mafuta ya kula na ndoo moja iliyopasuka. Vingine vyote kavisogeza pembeni: vikombe vya mtindi, mifuko ya maziwa, maboksi meupe ya chipsi, vile vyombo vinavyong'aa vya keki, maboksi ya juisi, pakiti za krispi na furushi zima la vifungashio vya sukari na unga.

Nikachukua kikombe cha mtindi nikamwonyesha ile pembetatu ya mishale chini yake, ndani ina namba 6. Nikamuuliza, si wameandika wenyewe kwamba kinarejelezwa? Akanijibu kwa adabu zote: "Mama, alama ni nzuri, ila bosi wangu hainunui."

Nimebaki na malundo uani na majirani wananiuliza tunatenganisha kwa faida ya nani. Mwenye kujua anidadavulie: kitu kinaweza kuwa na alama halafu kisirejelezwe?

Kichwa Ngumu

Bosi wake yuko sahihi. Wengine njooni mjaze maelezo.

Mwl Kemia

Mleta uzi, pole. Hiyo pembetatu inawachanganya watu dunia nzima, si Njiro peke yake.

Namba hizo zilianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki. Kazi yake ilikuwa kumwambia mchambuaji plastiki imetengenezwa kwa kitu gani, basi. Haikuwa ahadi kwamba kuna mtu ataichukua. Tatizo wakaizungushia mishale mitatu inayofanana kabisa na nembo ya urejelezaji, mnunuzi akiiona anapumua, anajua kitu kinarudi kiwandani. Mwaka 2013 ASTM, shirika la viwango ambalo ndilo linasimamia kiwango hicho siku hizi, walibadilisha mishale ikawa pembetatu tupu. Lakini kalibu ya kiwandani ni ghali, mtu haitupi kwa sababu ya mchoro, kwa hiyo mishale bado ipo chini ya vyombo vingi.

Ukiangalia chupa ya maji utakuta 1, hiyo ni PET. Dumu la mafuta na chupa ya shampuu ni 2, HDPE. Nailoni laini ya mfuko wa maziwa kwa kawaida ni 4, LDPE. Ndoo, viti, vizibo vingi, kopo la siagi ni 5, PP. Kikombe cha mtindi kinachovunjika kwa mlio ni 6, polistirini, na boksi jeupe la chipsi ni hiyohiyo polistirini ila imepulizwa hewa. 3 ni PVC, ya mabomba, kwenye vyakula utaikuta mara chache. 7 maana yake "nyinginezo", kwa hiyo ukiiona 7 ni kama hujaambiwa kitu.

Zote kuanzia 1 hadi 6 zinayeyuka kwa moto na zinaweza kuundwa upya. Ukiniuliza darasani nitakwambia ndiyo, zinarejelezeka. Ukiniuliza uani kwako nitakwambia kamuulize mwenye mzani.

Chalii wa Sombetini

Shikamoo mwalimu. Sasa chombo cha keki kina namba 1 sawasawa na chupa ya Kilimanjaro, nimeangalia sasa hivi hapa dukani kwa Mangi. Namba moja, kitu kimoja. Kwa nini kimoja kinunuliwe kingine kitupwe?

Mwl Kemia

Marahaba. Swali zuri sana hilo, na ndipo watu wengi wanapopotelea.

Namba inataja jamii ya plastiki. Haitaji namna ilivyotengenezwa. Chupa ya maji inapulizwa kwenye kalibu, kwa PET yenye minyororo mirefu ili ivutike bila kupasuka. Chombo cha keki kinakatwa kutoka kwenye karatasi ya plastiki iliyopashwa moto na kubonyezwa, na PET yake mara nyingi ni dhaifu zaidi. Kikiingia kwenye mashine ya kusaga kinatoa vumbi na vipande vyembamba vinavyopotea kwenye maji ya kuoshea. Halafu kuna vyombo vya polistirini vinavyofanana nacho kwa macho kama pacha. Mchambuaji akikosea vichache, mzigo mzima unashuka daraja.

Na si PET tu. Wale waliokuwepo kabla ya 2019 mnakumbuka mfuko wa rambo, ule mwembamba unaopiga kelele? Mingi ilikuwa HDPE, namba 2, ndugu wa damu na dumu la mafuta. Lakini dumu unaweza kulisaga na kuliuza, rambo lilikuwa linajizungusha kwenye mashine mpaka linaisimamisha.

Mzani wa Mbauda

Dada Jirani, yule kijana si wangu ila kazi ni moja, ngoja nikueleze upande wetu.

Mimi nina sehemu Mbauda. Napokea kwa waokota makopo, kwa mahoteli, kwa watu kama nyinyi. Watu wanadhani nanunua plastiki. Nanunua mzigo ambao kuna mtu mwingine ameshaniambia atauchukua. Wa chupa za maji yupo, anataka zimefungwa marobota. Wa madumu na ndoo yupo, anasaga na kuwapelekea watengeneza mabeseni na mabomba ya kupitishia nyaya za umeme. Wa vikombe vya mtindi sijampata. Siku akitokea na hela mkononi, kesho yake nanunua vikombe, sina ugomvi navyo.

Mzigo wangu wa chupa unashuka Dar, ni zaidi ya kilomita 600. Fuso inalipiwa safari, haijali umepakia nini. Boksi la chipsi sehemu kubwa ni hewa, ukijaza Fuso mpaka turubai linatuna utakuwa umesafirisha hewa ya Arusha kwenda kuitembeza Chalinze. Dizeli hairudi.

Halafu hesabu ya anayeokota. Chupa ya maji ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20, inategemea kampuni. Kilo moja ni chupa 50 mpaka 100, na kilo yenyewe haifiki bei ya soda. Kijana anainama mara zote hizo kwenye jua. Sasa pakiti ya krispi ina uzito gani mpaka ainame? Ndiyo maana ukipita stendi huoni chupa chini ila pakiti zimejaa mtaroni.

Rangi nayo. Chupa nyeupe inayopitisha mwanga ndiyo yenye bei. Ya kijani au kahawia naichukua kwa bei ya chini kama nipo na nafasi, kwa sababu ukisaga kijani hupati tena nyeupe.

Kichwa Ngumu

"Hewa ya Arusha kwenda kuitembeza Chalinze" 😂😂 Mkuu umeua.

Mbongo wa Hamburg

Hilo la rangi limewagusa mpaka wakubwa. Sprite mwaka 2022 walianza kuacha chupa ya kijani Marekani Kaskazini wakahamia nyeupe, sababu ni hiyohiyo anayoisema mkuu wa Mbauda.

Huku Ujerumani tangu 2003 ukinunua maji au soda ya chupa ya kutupa unalipia na amana, sasa hivi ni senti 25 za euro kwa chupa. Unairudisha dukani, kuna mashine inasoma alama, unapewa risiti unakata kwenye manunuzi. Huwezi kuikuta barabarani, na ukiikuta kuna mzee anaikimbilia. Vikombe vya mtindi na mapakiti yana ndoo yake ya njano. Lakini msidanganyike kwamba vyote vya kwenye ndoo ya njano vinarejelezwa, sehemu kubwa inachomwa kwenye viwanda kupata umeme na joto. Zamani nyingine ilikuwa inapakiwa meli kwenda China, mwaka 2018 China wakafunga mlango. Tangu Januari 2021 mkataba wa Basel nao umebana biashara ya kupeleka plastiki chafu au iliyochanganyika nchi nyingine bila nchi hiyo kukubali.

Kwa hiyo hata huku mtu anaosha kikombe cha mtindi kwa maji ya moto, anakiweka kwenye ndoo, kesho kinawasha taa.

Jirani wa Njiro

Mbongo asante. Hapo kwenye amana nimekuelewa haraka kwa sababu tunayo. Nani hapa amewahi kutupa chupa ya soda ya kioo? Ukinunua kwa Mangi bila kuacha chupa unaacha hela. Kreti inarudi kiwandani, chupa inaoshwa, inajazwa tena. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo bila semina.

Mzani wa Mbauda

Ndiyo maana chupa ya soda ya kioo haiji kwangu kabisa. Ina kwao.

Mama Lishe Kilombero

Wanangu nawasoma tangu asubuhi na ninyi mnaongea kana kwamba maboksi tunayapenda.

Juni mosi 2019 tuliambiwa rambo basi, na faini ya kuanzia elfu 30 mpaka laki 2 ukikutwa unalitumia, tukaacha. Tukahamia vifungashio vile vyeupe, 2021 NEMC, wale wa baraza la mazingira, wakaja wakasema kifungashio si kibebeo. Sawa, tukaacha. Sasa mteja anakuja hana bakuli wala hotpoti, anataka wali maharage apeleke ofisini, mchuzi utabebwa na nini? Boksi jeupe ndilo la bei nafuu, la karatasi linalowa kabla hajavuka barabara. Mkisema boksi halirejelezwi nimesikia, ila mniambie nimfungie nini.

Chalii wa Sombetini

Mama shikamoo. Kwetu kuna mama mmoja anauza pilau, ana mabakuli yake yenye mfuniko, ameyaandika herufi kwa rangi. Wateja wa kila siku wanaondoka nayo, wanarudisha kesho yake wakija kununua tena. Usiporudisha unaacha hela ya bakuli. Yaani kreti ya soda, ila ya pilau.

Mama Lishe Kilombero

Marahaba mwanangu. Hilo kwa wa ofisini linawezekana, nawajua mpaka mabosi wao. Wa stendi ndio mtihani, leo yuko hapa kesho Singida na bakuli langu.

Mwl Kemia

Mama yuko sahihi kulalamika. Sheria ya 2019 ililenga vibebeo, na iliacha nje vifungashio vya bidhaa za viwandani, vya kilimo, vya usindikaji wa vyakula, vya hospitali na vya usafi. Ilifanikiwa kwenye lengo lake, mnaokumbuka miti ya njia ya Namanga ilivyokuwa imevaa rambo mtakubali. Lakini kifungashio kinachobaki nyumbani baada ya sukari kuisha hakikupewa mahali pa kwenda.

Na kuna jambo dogo watu huwa hawaamini nikiwaambia. Ile mifuko mbadala ya rangirangi, laini kama kitambaa, ambayo TBS, shirika la viwango, walitaka isipungue gramu 70 kwa mita ya mraba? Ni plastiki. Ni PP, namba 5, imetengenezwa kwa nyuzi zilizobanwa kwa joto. Faida yake ni kwamba inatumika mara nyingi. Ukiitumia mara moja ukaitupa umetupa plastiki nyingi kuliko ya rambo.

Kichwa Ngumu

Mwalimu hapana. Ile si kitambaa???

Mwl Kemia

Toa uzi mmoja, usogeze karibu na pasi ya moto. Utanijibu.

Mgumu wa Mweka

Salamu kutoka Moshi, mji msafi 😎

Mlimani Kilimanjaro sisi chupa za maji za kutupa haziruhusiwi kuingia hifadhini, mgeni anakuja na chupa yake ya kujaza. Taka zinapimwa kwa mzani, kundi likishuka na uzito mdogo kuliko inavyotarajiwa kiongozi anaulizwa mmezitupa wapi. Kwa hiyo juu kuko safi. Ila nawaambia kilicho ndani ya hizo taka tunazobeba mgongoni: maboksi ya juisi ya kwenye chakula cha mchana cha wageni, pakiti za biskuti, karatasi za chokoleti zinazong'aa, nailoni za mkate. Hakuna hata kimoja ambacho mkuu wa Mbauda angekinunua. Tunakishusha kutoka kambi ya Barafu, kinapimwa getini, halafu kinapanda gari la taka.

Hayo maboksi ya juisi ni nini hasa? Nje karatasi, ndani kama bati.

Mwl Kemia

Boksi la juisi au la maziwa ya muda mrefu ni karatasi ngumu kama robo tatu, linalobaki ni polietilini kwa wingi na utando wa alumini kidogo. Matabaka yamegandishwa. Kuyatenganisha kunahitaji kiwanda cha karatasi chenye pipa kubwa la kurojesha, karatasi inayeyuka kwenye maji na nailoni na alumini zinabaki. Teknolojia ipo na inafanya kazi. Kwa mwenye mzani haina msaada mpaka kiwanda hicho kiwe karibu na kiwe kinanunua.

Pakiti ya krispi ni mbaya zaidi. Ni plastiki mbili au zaidi zimebandikwa pamoja na kupakwa alumini nyembamba sana ili mafuta yasichache. Kila tabaka linayeyuka kwenye joto lake. Vipakiti vya sabuni ya unga na vya kahawa ni ukoo huohuo, na viroba vya pombe vilivyopigwa marufuku Machi 2017 vilikuwa ukoo huohuo. Hakuna namna ya kuvichambua kwa mkono.

Chalii wa Sombetini

Mgumu, Moshi barabarani kweli kusafi, tunawaheshimu. Ila gari la taka la Moshi linaenda dampo la Kaloleni, la kwetu linaenda Murriet. Pakiti ya biskuti huko zote zinakutana na hali moja.

Mgumu wa Mweka

Hilo sina ubishi nalo. Nasema tu mtaro wetu unapitisha maji.

Salma wa Levolosi

Samahani nauliza tu. Mimi mifuko ya maziwa naitumia kuwashia jiko la mkaa, inashika moto haraka kuliko karatasi. Si angalau inapata kazi?

Mwl Kemia

Dada Salma acha, hasa kama jiko liko ndani au kuna mtoto mgongoni. Polietilini ikiungua vizuri kwenye tanuru la joto kali haina shida kubwa, lakini jikoni inaungua nusu nusu, inatoa masizi na kaboni monoksidi, hewa yenye sumu, na wino wa maandishi unaungua nayo. Siku ukikosea ukatia kipande cha PVC unapata moshi wa asidi na dayoksini. Boksi la chipsi linatoa moshi mweusi unaouona mwenyewe. Tumia maganda ya mahindi au vijiti.

Salma wa Levolosi

Nimeacha. Asante mwalimu.

Mkulima wa Ngarenanyuki

Wakuu, mimi nalima nyanya. Makopo ya dawa za kupulizia yamejaa shambani, mengine yana namba 2 kama dumu. Mzani unayachukua?

Mzani wa Mbauda

Hapana mkuu. Nikiyakuta ndani ya salfeti namrudishia mwenyewe hapohapo. Sijui kesho yatageuzwa beseni la nani la kuogeshea mtoto.

Mwl Kemia

Nakazia. Kopo la dawa ukilimaliza lisuuze mara tatu, yale maji ya kusuuzia yamimine kwenye bomba la kupulizia uyatumie shambani, usimwage mferejini. Halafu litoboe ili mtu asije akaligeuza la kubebea maji au mafuta ya taa. Kwa namna ya kuyateketeza waulizeni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, zamani TPRI, wako hapo Ngaramtoni, si mbali. Dumu la dawa lisiingie kwenye mzunguko wa madumu ya chakula hata kama namba inafanana.

Chalii wa Sombetini

Turudi kwenye chupa. Kizibo kitolewe au kibaki? Maana nimesikia yote mawili.

Mwl Kemia

Kibaki. Ikamue chupa itoke hewa, funga kizibo. Kizibo ni PP au HDPE, vyote vyepesi kuliko maji. PET ni nzito kuliko maji, uzito wake ni kama 1.38 ukilinganisha na maji. Kiwandani vinasagwa pamoja, vinatiwa kwenye pipa la maji, chenga za chupa zinazama, za vizibo zinaelea, zinaenguliwa kwa juu. Hata nyumbani ukipata kipande hukijui, kikate kidogo ukitie kwenye bakuli la maji. Kikielea ni jamii ya polietilini au PP. Kikizama ni PET, PVC au polistirini. Boksi la chipsi litakudanganya, linaelea kwa sababu ya hewa.

Mzani wa Mbauda

Mwalimu hapo tunatofautiana kidogo. Mimi natoa vizibo. Vizibo vina mnunuzi wake na bei yake ni nzuri kuliko chupa, na chupa yenye kizibo ikibanwa kwenye robota inapasuka kama baruti ikiwa haikukamuliwa. Atakayeniletea vimetengwa namlipa vya kwake.

Mwl Kemia

Basi mzani umenishinda. Anayelipa ndiye mwenye kanuni.

Niongeze hili moja. Ile lebo inayoivaa chupa mwili mzima, ivueni ikiwezekana. Baadhi ni PVC. PET inayeyuka kwenye nyuzi 250 na kitu, PVC inaharibika kabla hata ya kufika hapo na kutoa asidi, chenga zote zinageuka njano na kupata madoadoa meusi. Kipande kidogo tu kinaharibu gunia.

Ngoja Tuone

Nimesoma uzi wote, naona tunajifariji. Kuna utafiti wa Wamarekani wa 2017 ulihesabu plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani hadi 2015. Kati ya iliyokwisha kuwa taka, iliyorejelezwa ni asilimia 9 hivi, iliyochomwa 12, iliyobaki 79 iko madamponi au imezagaa. Sasa Njiro mnachambua salfeti mkidhani mnaokoa Themi. Wenye viwanda ndio wawajibishwe. Kenya wamepitisha sheria ya taka 2022 inayomfuata mzalishaji mpaka mwisho wa kifungashio chake, na sisi tuanzie hapo.

Jirani wa Njiro

Mkuu Ngoja, kwa mzalishaji niko na wewe mia kwa mia. Anayeamua mtindi uwekwe kwenye polistirini badala ya PP ni yeye, mimi nakuta kikombe dukani kimeshajazwa. Angalau angeulizwa: hiki unachouza Arusha, nani Arusha atakinunua kikiwa kitupu?

Ila sikubali kwamba kuchambua ni bure. Asilimia 9 ni wastani wa kila kitu, pamoja na hizo pakiti ambazo haziwezekani. Chupa ya maji kwetu hailali mtaroni usiku mmoja kwa sababu ina mnunuzi. Nilichokuwa nakosea kukiuliza ni hicho tu, nilikuwa nageuza chombo kuangalia chini badala ya kumuuliza anayepima.

Sasa nimewaandikia majirani kwenye kundi letu hivi: chupa za maji na soda, zimekamuliwa, vizibo mbali. Madumu na ndoo. Vilivyobaki visiingie kwenye salfeti, visimpotezee mtu muda. Na nimeweka pendekezo ambalo limezua vita: maziwa tuchukue ya kupima kwa mama wa Moshono anayepita na keni yake, kila mtu na sufuria yake, tuachane na ya mfuko. Baba mmoja anasema maziwa ya keni yanatiwa maji. Mke wake anasema heri maji kuliko nailoni. Hapo nimewaacha.

Ngoja Tuone

Hiyo ya "nani atakinunua kikiwa kitupu" iandike rasmi kwa wahusika. Nitaweka sahihi.

Kichwa Ngumu

Nimejaribu ule mfuko wa kitambaa kwa pasi. Mwalimu, pasi ya mke wangu sasa ina kijani. Niombeeni.

Mama Lishe Kilombero

😂😂 Mwanangu lowesha kitambaa kwa siki, pitisha ikiwa ya vuguvugu.

Jirani wa Njiro

Mzani wa Mbauda, swali la mwisho kwa upande wangu. Makopo ya siagi na ya aiskrimu yana namba 5, kama ndoo uliyosema ina mnunuzi. Ukipata yaliyooshwa utayachukua?

Mzani wa Mbauda

Namba 5 ngumu nachukua, dada. Yawe makavu, yasiwe na mafuta, na yasichanganywe na vile vikombe vinavyovunjika kwa mlio. Ukibonyeza kikajikunja kikarudi, weka. Kikipasuka, acha. Hata kama namba imefutika hicho kipimo hakinidanganyi mara nyingi. Yakifika salfeti mbili nitumie ujumbe, huwa napita Njiro Jumamosi nikitoka kwenye hoteli moja ya huko.

Mifuko ya maziwa usinitunzie kwanza. Kuna mtu anasaga nailoni, nitamuuliza kama anataka iliyooshwa. Akikataa nitakwambia hapahapa.

Mkulima wa Ngarenanyuki

Na mipira ya umwagiliaji wa matone? Ile myeusi. Ninayo iliyochoka, imelala kwenye uzio tangu msimu uliopita.

Mzani wa Mbauda

Hiyo ilete mkuu, ina mnunuzi. Itoe udongo na zile koki zake, ikunje mizunguko uifunge kwa kamba. Ukiwa na ya kujaza kirikuu nifuate mwenyewe mpaka huko, ukiwa na kidogo subiri gari la nyanya linaloshuka soko la Kilombero uipandishe juu, tutakutana sokoni alfajiri.